Sauti ya Mama Haimo Kwenye Santuri Mpya

S.L.P. 112,
Ushirombo,
Bukombe, Geita.
22 Septemba 2024

Mpendwa kaka Telesphori,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua msimu wa baridi wa huko Denmark sasa umepoa. Sisi huku hatujambo. Mama presha yake imeshuka na dawa anakunywa bila kusukumwa. Shemeji yako Luka bado anatengeneza redio na simu pale sokoni. Mvua hatujaiona, na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Salamu zimeisha, kaka. Sasa nikwambie kwamba nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Mwezi wa saba ulinitumia picha ya santuri mpya ya mzee Jilala Ntobi, ukaandika: "Apo, wamemtoa Jilala upya! Sauti imetakata, ile ya baba ilikuwa kama mtu anakaanga vitunguu." Ningekujibu papo hapo, lakini nakujua, ungenirudishia kidole gumba na kuendelea na kazi zako. Ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Sijui kama bado unaikumbuka habari ya ile santuri ndogo ya baba. Mwaka wa sabini na moja Jilala alimsikia mama kwenye kwaya ya parokia, msichana wa miaka kumi na minane, akamwomba babu amruhusu kwenda naye Nairobi kurekodi. Babu alikubali kwa shingo upande, akamtuma na mjomba amlinde. Waliimba nyimbo mbili tu, na ule wa "Pamba ya Runzewe" ndio uliovuma. Jilala anaimba mstari, mama anamjibu kwa ile sauti ya juu inayopanda halafu inakatika ghafla kama mtu aliyeitwa nyumbani.

Baba aliusikia dukani Kahama akiwa amekwenda kununua jembe. Akanunua santuri, jembe akaliacha. Halafu akapanda baiskeli mpaka Ushirombo kumtafuta mwenye sauti. Alikuwa hajui hata sura yake, kaka. Wewe na mimi tumezaliwa kwa sababu ya sauti hiyo. Sasa unaelewa kwa nini nimeshika kalamu?

Hiyo santuri mpya uliyomtumia mama kwa mkono wa Violeth alipotoka huko likizo ilifika salama. Nzito, jalada linang'aa, kuna picha ya Jilala na gitaa lake na maelezo ya Kizungu ukurasa mzima. Mama alivaa kitenge kizuri. Tulimweka kwenye kiti karibu na spika, Luka akashusha sindano. Gitaa likaingia, mama akatabasamu. Jilala akaimba mstari wa kwanza. Mama akafungua mdomo kidogo, kama anavyofanya kila siku, akingoja kujijibu.

Hakuna aliyejibu. Gitaa likaendelea, ngoma ikaendelea, mahali pa mama pakawa na shimo.

Alisubiri mstari wa pili. Wa tatu. Halafu akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ng'wanone, mwanangu, mimi niko wapi?"

Alisema labda masikio yake yamezeeka, akaenda kuchambua maharage akiwa bado na kitenge chake kizuri. Hapo ndipo hasira iliponishika, na mpaka leo haijaniachia.

Nikamwambia Luka tufanye kazi hii kifundi ili mtu asije akasema ni maneno ya mtoto kwa mama yake. Tulizipiga santuri zote kwenye mashine moja, sindano moja, sauti ile ile. Tuliazima pia nakala ya pili, iliyotolewa miaka ya themanini, kwa mwalimu Evelina. Hiyo ni nyembamba na imepinda, sindano inapanda na kushuka kama gari kwenye barabara ya Masumbwe, na sauti zote zimekuwa nyembamba kama za redio iliyoishiwa betri. Lakini mama yumo. Ukisikiliza kwa shida, yumo.

Ile ya baba, kweli inakwaruza. Sikatai. Lakini nyuma ya mikwaruzo unasikia manyanga yakitikiswa, unasikia vidole vya Jilala vikiteleza kwenye nyuzi, unasikia mama anavuta pumzi kabla hajaingia. Pumzi, kaka! Pumzi ya msichana wa mwaka wa sabini na moja.

Hii ya kwako besi inatikisa vikombe mezani. Gitaa limesuguliwa mpaka linang'aa. Manyanga hayapo. Pumzi haipo. Na mama, ukiweka sikio kwenye spika kabisa, utasikia kitu kama mtu anayesema akiwa nyumba ya pili, mlango umefungwa. Luka alisikiliza mara nne, akavua miwani, akasema, "Wamesafisha kwa kompyuta. Mashine imeambiwa itoe kelele zote za juu. Imeona sauti ya mama na mikwaruzo ni kitu kimoja." Nikatazama jalada. Jina la mama, ambalo kwenye kibandiko cha santuri ya baba limeandikwa wazi, "J. Ntobi na Generosa", huku halipo.

Wamemfagia pamoja na vumbi.

Tulisikia kwamba waliotengeneza wangefanya uzinduzi Geita mjini, kwenye ukumbi wa hoteli moja. Nikaiweka santuri ya baba ndani ya foronya, nikaifunga na khanga, nikaipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Luka alinisihi njia nzima nisigombane na watu. Nilimwahidi. Ahadi hiyo ilidumu mpaka mlangoni.

Ukumbi ulijaa wanunuzi wa dhahabu na wake zao, watu wa redio, na wachimbaji wachache waliooga wakatoka na mashati mapya. Mtayarishaji ni kijana anaitwa Fredy, kofia nyeusi, mpole wa maneno. Walipiga ule wimbo, watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikamuuliza yuko wapi mwimbaji wa pili.

Fredy akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama, ile nakala tuliyoipata ilikuwa imechoka sana. Tumeondoa kelele tu."

"Hiyo kelele ni mama yangu mzazi," nikamwambia.

Watu walicheka, kaka. Mshereheshaji akaniomba nikae, ratiba imebana. Nikasema sikai. Nikafungua khanga, nikaitoa santuri, nikaishika juu ili kila mtu aione, nikasema sina shida na sherehe yao, ninaomba dakika tatu tu, wapige hii kwenye mashine ile ile. Mshereheshaji akaanza tena habari za ratiba. Ndipo mchimbaji mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti, "Mpeni mama dakika zake! Sisi tunasikiliza." Na wengine wakaitikia.

Wakapiga.

Mikwaruzo ikaingia kwanza, nikaona Fredy anakunja uso. Halafu gitaa. Halafu Jilala. Halafu ile pumzi, na mama akaingia, kwenye spika kubwa kuliko kabati, sauti yake ikajaa ukumbi mpaka darini. Mhudumu aliyekuwa anapita na sahani za pilau alisimama pale pale. Wimbo ulipoisha akauliza, hamuulizi mtu fulani, anauliza tu, "Huyo dada ni nani? Mbona kwenye ile hayupo?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Fredy alivua kofia. Hakuomba radhi mbele za watu, na hilo sijamsamehe, lakini alikuja mpaka nilipokuwa nikifunga santuri yangu na kuniuliza tunakaa wapi.

Ninachotaka ujue, kaka, ni kwamba santuri mia tano zilishasafirishwa Ulaya. Haziwezi kurudishwa. Watu mia tano watausikiliza wimbo huo wakiamini ndivyo ulivyoimbwa.

Wiki iliyofuata Fredy alikuja nyumbani, na kwenye gari alikuwa na Jilala mwenyewe. Sasa ni mzee wa karibu miaka themanini, anakaa kwao Ushetu, shamba la tumbaku amewaachia wanawe. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilijiambia mzee huyu alitia saini mama atupwe, leo atanieleza.

Mama alimpokea na kumkalisha. Nikamwuliza waziwazi kama aliisikiliza santuri mpya kabla ya kuikubali.

"Niliisikiliza yote," akasema. "Walinivalisha hedfoni masikioni."

"Na hukuona kwamba Generosa hayumo?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Yumo," akasema. "Mbona yumo?"

Luka aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyegundua. Akaweka santuri ya baba, akaipiga. Jilala akasikiliza, anatikisa kichwa kwa mapigo. Sauti ya mama ilipoingia, uso wa mzee haukubadilika hata kidogo. Luka akainua sindano akamwuliza, "Mzee, sasa hivi nani alikuwa anaimba?" Jilala akasema, "Gitaa peke yake hapo."

Masikio yake, kaka. Hayashiki tena sauti za juu. Za ndege, za filimbi, za mama. Hajui tangu lini. Pale alipovaa hedfoni, sauti ya mama aliitoa kichwani mwake mwenyewe, akaijazia pale penye shimo, akatia saini kwa furaha. Fredy aliinamisha kichwa. Mimi maneno yote niliyoyaandaa nikayaacha.

Mzee alipoelewa alishika magoti yake kwa mikono miwili. Akasema, "Generosa, mimi nimekuwa nikikusikia siku zote. Kumbe nilikuwa nakukumbuka tu."

Mama hakulia, wala hakumfariji. Unamjua mama. Alimwambia Fredy aandike jina lake vizuri, G-E-N-E-R-O-S-A. Fredy akajitolea, akasema anaweza kumrekodi upya, aimbe sehemu yake leo, waichomeke. Mama akakataa palepale. "Sehemu hiyo aliimba msichana. Msimwondoe mkaweka bibi. Chukueni ya msichana, na mikwaruzo yake." Santuri yenyewe hakuruhusu ivuke kizingiti. Kwa hiyo Fredy alilala Ushirombo siku mbili, akaleta mashine zake sebuleni kwetu, akainakili hapo hapo huku majogoo wa jirani wakimharibia kazi mara sita. Ameandika kwa mkono wake, na Luka ameshuhudia, kwamba toleo lijalo litatoka hivyo na jina likiwa juu ya jalada. Karatasi ninayo mimi. Nitamsumbua mpaka nione.

Jilala alipokuwa anaaga, mama alimzuia. Alimsogelea, akamshika bega, akaweka mdomo karibu kabisa na sikio lake la kushoto, na kwa sauti ya chini, sauti yake hii ya sasa, nzito na yenye kukwama, akamwimbia ule mstari wa kujibu. Taratibu, kama unavyomwambia mtoto jambo. Mzee alifunga macho. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vikaanza kubonyeza hewani.

"Umenisikia?" mama akamwuliza.

"Nimesikia," akasema. "Hiyo nimesikia."

Kwa hiyo mzee Jilala nimemwachia. Ana sababu yake. Fredy ana mashine ya kulaumu. Wewe una miaka hamsini, masikio mazima, na ulilelewa kwa sauti hiyo hiyo ikikuita kutoka mtoni. Ulikaa huko Denmark na chai yako, ukaisikiliza santuri nzima, ukaniandikia kwamba imetakata. Nakuomba uipige tena, kaka, peke yako, bila kufanya kitu kingine. Ukifika kwenye lile shimo, mpigie mama simu.

Nisalimie wifi Suzana na watoto wote. Shangazi Agatha anakusalimu sana, anasema umenenepa kwenye picha. Luka anakusalimu, na mama anakubariki kwa jina la Bwana, akuongoze kazini na akurudishe nyumbani ukiwa na afya. Nami naomba hivyo hivyo, ingawa nimekununia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata leo,

Apolonia