Zamu za Kumlisha Nyundo

Siku ya nne (Alhamisi), 3 Mei 2001
Ukungu mpaka saa tatu asubuhi. Baridi. Nguo za jana hazijakauka.

Paulin amekamatwa tena. Mara ya nne tangu Noeli. Nimerudi nyuma katika daftari hili kuhakikisha: aliingia kasho, mahabusu ya hapa Butembo, tarehe 9 mwezi wa kwanza, akatoka tarehe 12. Mwezi wa pili aliingia tarehe 20, akatoka tarehe 22. Mwezi wa tatu alikaa siku tano — hiyo ndiyo rekodi yake. Na kila mara kosa ni lile lile. Anaingia nyumbani kwa mtu, anapiga kwa nyundo, anabeba anachotaka. Avenue nzima inamwita Nyundo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano hawajui kama ana jina lingine.

Mwezi wa pili alimng'oa Mama Agar meno mawili ya mbele. Bado anaimba soprano kwenye kwaya ya Waprotestanti, lakini sasa na upepo unapita.

Mwezi wa tatu ilikuwa kwetu. Mdogo wangu Godelive alikataa kuachia cherehani yake. Nyundo akamvunja mkono wa kuume mahali pawili. Mkono uliungwa vibaya, hata mkasi haushiki. Baada ya zile siku tano Nyundo akasimama mlangoni kwetu, mchana kweupe, akasalimu kwa adabu: "Jambo, Mama Godelive. Mukono inaendelea aje? Na ule mwingine, uko salama?"

Tangu hapo Godelive anasukuma kabati nyuma ya mlango kila jioni. Asubuhi naisukuma mimi, maana nguo zangu za kazi zimo ndani.

Safari hii amempasua kichwa bwana wa jirani yetu Emérence. Nyuzi saba.

Siku ya tano, 4 Mei
Mvua ndogo. Baada ya darasa nimekwenda kwa Élisée, yule OPJ, afisa wa polisi anayeandika PV, ripoti za makosa, za kartier yetu. Nimemuuliza bila kuzunguka: kwa nini huyu mtu anatoka kila mara?

Nilidhani atasema habari ya rushwa. Hapana. Amesema ni chakula.

Kasho haina jiko. Kila mfungwa analetewa na watu wake. Watu wa Paulin wako kijijini Masereka, na hakuna hata mmoja anayetaka kushuka kwa ajili yake. Siku ya kwanza walinzi wanamgawia. Siku ya pili wanamgawia kidogo. Siku ya tatu, ya tano wakivumilia sana, wanamfungulia aende akatafute kula, kwa ahadi kwamba atarudi.

— Na anarudi?
— Anarudi, Mwalimu. Na kesi mpya.

Nikasema hiyo si sheria. Akasema anajua. "Mais akinifia humu ndani, PV itaandikwa juu yangu miye."

Butembo hatuna hakimu tangu wakubwa wa waasi wagombane. Hakimu yuko Beni, na atasikiliza kesi hii tarehe 22. Élisée ameapa: Paulin akila mpaka tarehe 22, yeye mwenyewe atamfikisha Beni.

— Na nani atamulisha?
— Wale wenye kumutaka ndani.

Siku ya posho (Jumamosi), 5 Mei
Jua. Mkutano kwa Mama Agar: yeye, Emérence, Godelive, mimi. Nimeeleza.

Emérence ndiye wa kwanza kujibu. Amepasuliwa bwana, halafu apike? Apeleke na kijiko pia? Mama Agar akainuka kutafuta Biblia. Emérence akamwambia aiache kwanza ilipo.

Godelive aliweka ule mkono mezani, basi. Emérence akauangalia, akauliza: "Zamu yangu ni lini?"

Nimechora jedwali kwa rula, nimpelekee Élisée; mpaka siku ya kwanza walinzi watamgawia. Sisi siku ya kwanza na ya nne. Emérence siku ya pili na ya tano. Agar siku ya tatu na ya posho. Siku ya Mungu, Jumapili, tutapokezana. Tumekubaliana wote kwa kunyoosha mkono: bugali na maharagi, basi. Hakuna mafuta, hakuna kitunguu. Ni mfungwa, si mgeni.

Siku ya kwanza, 7 Mei
Mawingu. Zamu yetu. Nyundo alifunua sufuria, akaangalia ndani, akaangalia nyuma yangu kama kuna nyingine inakuja. "Mwalimu, ni hii tu?"

Amekula yote.

Siku ya tatu, 9 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimekutana na Mama Agar anatoka kasho, sufuria tupu kichwani. Harufu ilimtangulia: sombe ya majani ya muhogo, samaki kavu, mafuta ya ngazi, yaani mawese. Nimemkumbusha uamuzi wetu. Akasema anaukumbuka. "Mais mukono yangu haijue kupika nusu."

Siku ya tano, 11 Mei
Nyundo ametuma maneno kupitia mlinzi: maharagi ya Emérence yana mawe, na anaomba Mama Agar aongezewe siku.

Emérence amekasirika kuliko siku ile ya kichwa cha bwana wake. Amekuja kwangu na sufuria nzima nionje. Nimeonja. Nimesema hakuna jiwe. (Lilikuwako moja.)

Siku ya Mungu, 13 Mei
Jua zuri. Zamu ilikuwa ya Emérence. Amepeleka viazi na poireaux za Kipese, vile vitunguu vya majani, na mayai mawili. Nimeuliza mayai yametoka uamuzi gani. Amejibu kwamba ni kwa ajili ya heshima ya nyumba yake.

Siku ya kwanza, 14 Mei
Élisée amenifuata darasani, akicheka peke yake. Nyundo ameandika barua. Kwa Kifaransa, pointi tatu, sahihi chini. Un: mawe katika maharagi. Deux: viazi vya Mwalimu viko vibichi katikati. Trois: bugali unafika umepoa, na yeye tumbo lake ni delikati.

Viazi kweli vilikuwa vibichi (siku ile maharagi yalikuwa yameisha kwetu). Nilikuwa nasahihisha dictée, imla za wanafunzi.

Élisée ameiweka barua kwenye dosié, faili la kesi. Kila karatasi inayomfikia anaiweka kwenye dosié, hata mwaliko wa harusi.

Jioni Godelive hakusukuma kabati. Nilingoja nione. Alilala. Hata alikoroma.

Siku ya tano, 18 Mei
Baridi. Nyundo amenenepa mashavu. Walinzi sasa wanamwita Monsieur le Pensionnaire, kama mpangaji wa hoteli. Godelive amejaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mkasi umeenda pembeni, lakini umeenda. Amesema kama huyu mtu akipewa hata miaka mitatu tu, yeye atajifunza upya.

Miaka mitatu. Mimi naomba hakimu amalize asubuhi moja.

Siku ya kwanza, 21 Mei
Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa lori la viazi. Sisi wanawake wanne juu ya magunia, na Élisée amefungwa kamba kiwiko kwa kiwiko na Nyundo. Kwenye bariyeri ya barabarani askari aliwaangalia wote wawili: Nyundo mnene, shati safi (Mama Agar alilifua), Élisée mwembamba, hajanyoa. Akamwomba Nyundo karatasi za mfungwa wake.

Nyundo akajibu: "Iko ndani ya dosié, chef." Kwa sauti ya mtu wa serikali kabisa. Dakika arobaini zimepotea hapo.

Tumefikia Beni kwa Rébecca, binamu ya Mama Agar. Joto kuliko kwetu. Mbu.

Siku ya pili, 22 Mei
Asubuhi jua kali, hakuna wingu. Naandika yote kwa mpango, maana kichwa kimejaa.

Saa tatu tukaingia. Hakimu ni mtu wa makamo, amechoka, kalamu mbili mfukoni. Élisée akasoma: kukamatwa mara nne, meno, mkono, kichwa. Ilikwenda vizuri. Nyundo hakukana hata moja.

Ndipo akasimama mzee mmoja nyuma, koti jeusi, kofia mkononi. Mzee Syauswa wa Masereka, baba mdogo wa Nyundo. Mara zote nne hakuonekana. Leo amefika mapema kuliko sisi. Akasema, polepole sana: kwetu sisi Wanande, mtu akikukosea, halafu ukampikia, akala, ukachukua sahani yako na kurudi nyumbani, ile kesi imekwisha. Na mtoto wake amekula mikononi mwa hawa mama siku kumi na tano. Si mara moja. Kwa zamu! Karatasi ya zamu iko kwenye dosié.

Ilikuwako kweli. Niliichora mimi, kwa rula. Élisée aliiweka.

Hakimu akaniangalia. "Donc, basi mumepatana?"

Nikasema hapana, tulimlisha asitoke. Akasema hilo ndilo tunalolisema sisi. Mwenye kula anasema lingine. Kama watu wamepatana kwao, yeye ana kesi nyingine thelathini.

Nikakumbuka barua. Nikaomba isomwe. Élisée akaipata katikati ya ule mwaliko wa harusi na kitu kingine. Un, deux, trois. Nikasema: Monsieur le juge, mgeni halalamiki kwa OPJ. Huyu alilishwa kama mfungwa, na ushahidi ameuandika mwenyewe.

Hakimu akatabasamu kidogo. Akataka kila nyumba iseme ilipika namna gani.

Nikaapa kwamba viazi vilikuwa vibichi. Ni kweli.

Emérence akaapa kwamba mawe yalikuwako. Alisema akiangalia chini, kana kwamba anaungama dhambi ya mwili. Hakuna aliyemuuliza habari ya mayai.

Mama Agar akainuka.

— Na wewe, mama, chakula yako ilikuwa mubaya?
— Hapana.
— Ilikuwa bila chumvi?
— Chumvi ilikuwako ya kutosha, Monsieur le juge. Uliza yeye.

Nyundo akapaza sauti kutoka benchi lake: "Ni kweli. Huyu mama ananipenda sana." Watu wakacheka. Mzee Syauswa akavaa kofia, kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

Nilimvuta Agar sketi. Akanong'ona kwamba ameshika Biblia, hawezi kusema uwongo juu ya sombe.

Hakimu akafunga dosié. Nyumba mbili zinasema mfungwa, moja inasema sijui nini. Kesho saa tatu turudi. Mama huyu apike kama alivyokuwa anapika, alete mbele yake, ampe mshitakiwa, aseme mwenyewe kama anamlisha mgeni au mfungwa. Akisema mgeni, mtu anatoka na mzee wake; akisema mfungwa, kesi inaendelea. Na kwa vyovyote, kasho ya Beni pia haina jiko.

Kesho ni siku ya tatu. Ni zamu ya Agar hata kwenye jedwali.

Jioni sote tuko jikoni kwa Rébecca. Emérence ameomba kwa upole, kisha bila upole: chumvi isiguswe, kitunguu kisiguswe, aunguze kidogo chini, hiyo ni dhambi gani? Mimi nimesema habari ya sheria. Agar anatwanga sombe. Ameshatwanga zaidi ya inavyohitajika.

Rébecca amempa Godelive kitanda cha karibu na mlango. Godelive amekataa kitanda hicho.

Halafu Godelive akaingia jikoni, akasimama upande wa pili wa kinu. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mwezi wa tatu.

— Mama Agar, pika vile unajua. Weka yote. Mais kesho ukimupatia sahani, umuulize mbele ya watu: meno yangu uliyapeleka wapi? Umungoje ajibu. Asile mpaka ajibu.

Agar akasimamisha mchi. Akapitisha ulimi pale penye pengo. Rébecca akauliza kama azime moto.

"Acha," akasema Agar. Akaomba mafuta ya ngazi. Emérence akafunika uso kwa kitenge. Agar akamimina, akatia samaki, akakata vitunguu viwili, akaonja, akaongeza chumvi. Kisha akaniuliza, bila kugeuka: "Mwalimu, mbele ya juge, mutu anaruhusiwa kuuliza swali sahani ikiwa bado mukononi? Ama lazima aitoe kwanza?"

Nimesema hilo halikufundishwa shuleni.

Naenda kulala sasa, saa tano na dakika ishirini. Yeye bado yuko jikoni.