Gundi ya Muhogo

Jumatano, 5 Machi 2025

Majivu leo. Padre alinichora msalaba kwenye paji la uso, nikarudi nyumbani, nikanawa uso kama siku zote. Nilipojifuta ndipo nikakumbuka. Isabela angenisema mpaka jioni.

Nje ya kanisa akina mama walinizunguka. Pole Baba Flora, pole Baba Flora, halafu swali: kadi za Pasaka je? Kila mwaka, Pasaka na Krismasi, Isabela alitengeneza kadi kwa mikono yake, zikapelekwa hospitali Masasi, kila kitanda kadi moja. Krismasi iliyopita alikuwa yeye mwenyewe kitandani. Wakampelekea kadi aliyoitengeneza mwenyewe mwezi wa kumi. Alicheka, akasema njiwa wa huyu fundi amekaa upande. Januari akafa.

Nikawajibu zitakuwepo. Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Erasto amekuja. Kaka mkubwa wa Isabela, na maneno yote ya msiba ni yake. Tanga litaondolewa Jumatatu ya Pasaka, watu watakuwa wamerudi nyumbani. Siku hiyo nitaulizwa mbele ya ukoo: nabaki au naenda.

Hapa Chiwata mwanaume ndiye anayehamia kwa mke. Nilitoka Lukuledi na shoka na mkeka. Mke akifa, unaondoka na shoka na mkeka. Nyumba nimejenga mimi, mikorosho nimepanda mimi, ila ardhi ni ya mama yao. Labda wakupe mke mwingine kutoka nyumba ile ile. Erasto anasema yupo. Witness, mdogo wake Isabela. Mumewe alimwacha zamani.

Nikamwambia nimesikia. Akasema, umesikia, lakini unaonaje? Nikasema nimesikia.

Akaniambia pia vitu vya marehemu visitoke humu mpaka siku hiyo. Akautaja mkasi. Ule mkasi mrefu bibi yao alipewa na masista wa misheni, unashuka kwa wanawake wa nyumba hii tu. Sasa ni wa Witness.

Jumapili, 9 Machi

Nimelifungua boksi la Isabela. Kadi alizozimaliza zipo, zimepangwa vizuri, ila hazitoshi hata wodi moja. Chini yake karatasi: manila, mifuko ya saruji iliyopigwa pasi, kalenda za zamani za kanisa. Magome makavu ya mgomba ya kutengenezea misalaba. Njiwa weupe waliokatwa tayari, hawajabandikwa.

Nilikaa nao. Nilitegemea nitasikia kitu. Sikusikia kitu. Nikaenda kulisha kuku.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Nimepika gundi. Unga wa muhogo, maji, moto mdogo, unakoroga mpaka inakuwa kama uji wa mtoto. Nilimwona akifanya hivyo miaka yote, hakuna siri hapo. Gundi yangu imetoka nyeupe, haina harufu. Nzuri kuliko yake, nikajiambia. Sikuwa na wa kumwambia mwingine.

Msalaba wa kwanza umepinda. Wa pili umepinda zaidi. Basi ndiyo hivyo, hata Yule aliyebeba wa kwake alianguka nao.

Jumatano, 19 Machi

Witness ameleta ugali na kisamvu. Shikamoo shemeji. Marahaba. Akaweka bakuli, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, si ndani, si nje. Amevaa kitenge kipya. Kitenge kile si chaguo lake, najua duka analonunua Erasto.

Nilikula. Alingoja bakuli. Akaniuliza kama korosho zina ukungu mwaka huu. Nikamwambia kidogo. Akaondoka.

Jumamosi, 22 Machi

Flora amepiga simu kutoka Newala. Baba, wakikutoa uje ukae kwangu. Nikamwuliza mume wake anasemaje. Anasema hana neno. Bila shaka hana neno! Mtu gani atakuwa na neno mbele ya mkewe. Lakini mimi kukaa kwa mkwe, kuoga bafu moja na mkwe, hapana.

Sikumwambia kinachonisumbua. Kaburi liko nyuma ya jiko, chini ya mkorosho wa kwanza tulioupanda. Nalifagia kila asubuhi. Nikienda Lukuledi nani atalifagia? Ndilo swali pekee nililonalo. Mengine yote yananipita tu.

Alhamisi, 27 Machi

Kadi. Kadi. Kadi. Mkono umeanza kuzoea. Nakunja, nakata, nabandika, naandika ndani "Amefufuka". Naandika kama mtu anayeandika namba za magunia. Nikimaliza kadi siijui iliyotangulia.

Nazipanga juu ya za Isabela kwenye boksi lile lile, nafunika, nasukuma chini ya kitanda.

Jumapili, 30 Machi

Jirani Naima amekuja kuuliza kadi yake ya Idi. Kumbe Isabela alikuwa anamtengenezea kila mwaka! Mwezi na nyota na maua ya karatasi. Nikamtengenezea pale pale huku ananiangalia. Akasema mwezi wangu umenona, mwezi wa watu waliofunga hauwi na tumbo namna hiyo. Nikacheka kidogo kwa sababu alikuwa anangoja nicheke.

Jumatano, 2 Aprili

Naima tena. Kanionyesha kadi yake. Mwezi hauna nusu, maua yameliwa. Mende wamekula Idi kabla yangu, anasema. Nikamwambia afagie nyumba yake. Akasema nyumba yake anaifagia, nifagie maneno yangu. Tumeachana vizuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Homa kidogo. Hakuna kadi leo. Witness alileta uji, akaacha mlangoni.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelivuta boksi ili nizihesabu kwa ajili ya akina mama. Zangu zimeliwa.

Siyo moja, siyo mbili. Zote. Wamepita pale pale nilipopaka gundi, wakafuata mstari kama wanasoma. Misalaba imedondoka ovyo ndani ya boksi. Njiwa hana shingo. Na chini yao za Isabela, boksi lile lile, giza lile lile: nzima. Hakuna hata iliyoguswa pembeni.

Sikukasirika. Mende mmoja alikuwa bado ndani, nikamtoa nje kwa ncha ya kadi. Hata kumuua sikumuua. Nikakaa kitandani. Pasaka ni Jumapili ijayo.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Watu wameimba mpaka barabarani. Mimi nilishika tawi langu.

Witness alikuja na chakula, nikamwonyesha boksi. Akachukua kadi ya Isabela, akainusa. Akachukua yangu, akainusa.

"Shemeji, hukuweka mwarobaini."

Nikamwuliza mwarobaini wa nini.

"Majani yanachemshwa kwanza. Maji yake ndiyo unapikia gundi. Mdudu hali kitu kichungu."

Ile sufuria nyeusi. Miaka yote nilidhani ni dawa yake ya homa. Nilikuwa nanung'unika kila mara: nyumba inanuka kama zahanati. Yeye alikuwa anafungua dirisha, basi. Angeweza kunieleza. Mimi ningeweza kuuliza. Hatukufanya hivyo, kwa sababu nyumba ilikuwa inakwenda vizuri tu.

Jumanne, 15 Aprili

Nilichuma majani kwa Naima, mti uko uani kwake. Nikachemsha kwenye sufuria ile nyeusi. Maji yakawa ya kijani, nikachuja, nikatia unga, nikaanza kukoroga.

Mvuke ukanipiga usoni na Isabela akawa jikoni. Sijui niandike vipi. Harufu yake ya Jumamosi. Mikono yake, kitambaa chake cha kichwa, dirisha linafunguliwa. Nikalia! Tangu Januari sikuwa nimelia, hata walipomteremsha, watu walinitazama na mimi nikatazama udongo. Leo nimelia mpaka kamasi. Na gundi ukiacha kuikoroga inaungua, kwa hiyo nilikoroga huku nalia.

Inauma. Nilikuwa nimeanza kudhani haitauma.

Jumatano, 16 Aprili

Witness amekuja asubuhi, bila bakuli, kwa nguo zake za shamba. Akauchukua mkasi. Anakata kama dada yake, karatasi ndiyo inazunguka, mkasi umesimama. Mimi nabandika. Tulifanya kazi mpaka jua likahama mlango.

Halafu akasema, macho kwenye karatasi. Yuko fundi seremala Newala, anaitwa Charles. Wanaelewana. Bado hajaja kwa Erasto kuposa, na sasa hawezi kuja, maana Witness ametajwa kwangu.

"Kaka akisema ndiyo, mimi siwezi kusema hapana. Wewe unaweza."

Nikamwambia anajua nikisema hapana naenda wapi. Akasema anajua. Akasema pia kwamba mimi si mtu mbaya, na kama si Charles angenipikia bila kununa. Niliona anasema kweli. Tukamaliza njiwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Hakuna mkasi leo. Nimefagia kaburi mara mbili.

Nikisema nabaki, nitafagia kila asubuhi. Na ndani kutakuwa na mwanamke anayepika vizuri na kufikiria Newala. Erasto atafurahi. Flora atafurahi. Isabela sijui. Alikuwa anampenda mdogo wake kuliko alivyonipenda mimi, hilo nalijua na halikuwahi kunikera.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekwenda mwenyewe Masasi na akina mama, boksi mapajani. Zimetosha. Witness ndiye aliyezitosheleza.

Wodi ya wanaume mzee mmoja aliinusa kadi, akasema hii kadi inanuka dawa. Nikamwambia ndiyo. Akaiweka chini ya mto wake akasema basi atapona. Nikatoka nje kidogo, nikasimama ukutani. Kisha nikarudi kumalizia vitanda.

Za Isabela nilizigawa pia. Nilifikiri nitaficha moja. Njiwa wake wote wamekaa sawa, alikuwa ananitania tu wakati ule. Nikampa mama mmoja aliyelala kitanda cha dirishani, ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Jumatatu, 21 Aprili

Wamekaa. Majamvi yametandikwa chini ya mikorosho, wazee wa kwao upande mmoja, upande wangu amekuja dada yangu tu kutoka Lukuledi. Wamesali. Wamenivua kitambaa cheusi mkononi. Erasto alisema maneno mazuri kuhusu mimi, marefu, mpaka nikaona aibu. Halafu akauliza. Nabaki au naenda?

Nikaomba niingie ndani kwanza nikanawe mikono. Nimenawa. Bado inanuka mwarobaini. Naandika haraka.

Shoka liko pale. Mkeka nimeutandika kitandani, bado haujakunjwa. Nimefungua dirisha. Kaburi linaonekana kutoka hapa, majani mawili yameanguka tangu asubuhi. Mtu anaweza kufagia kila siku na bado yakaanguka.

Mkasi uko mezani. Niliuchukua, nikauweka mfukoni. Si wangu. Nikaurudisha mezani. Naogopa. Niseme ukweli, naogopa kuliko siku aliyokufa, siku ile sikuwa na akili ya kuogopa.

Witness ameingia. Hakupiga hodi. Amenitazama, ametazama shoka, ametazama mkeka. Ameuchukua mkasi wa bibi yao, akaulaza katikati ya mkeka wangu, akaukunja mkeka wote mpaka mwisho, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Akatoka kichwa wazi mbele ya wazee.

Erasto anaita mara ya pili. Nachukua shoka.