Ubeti wa Senge Ndani ya Karai

Senge wangu, shangazi yangu,

Leo nimepita mtaa wa Laini Saba, pale ulipokuwa ukifulia karibu na reli. Nyumba yako ina mpangaji mwingine, lakini kamba ya nguo bado ipo. Nilicheka peke yangu kama mwehu, maana nilikumbuka lile karai lako kubwa na kichwa changu ndani yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi, binti wa kaka yako, nilikuwa nafagia kando ya bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini. Mlinzi wa waogeleaji alikuwa amenifundisha kuogelea asubuhi kabla wageni hawajaamka, na alipoacha kazi, nikaitaka nafasi yake. Kilichonishinda ni mtihani wa kukaa chini ya maji bila kupumua hadi filimbi ilie. Nilishaanguka mara moja. Nikianguka tena, ni kurudi kwa ufagio. Nikatoka kwangu Kawangware kwa miguu hadi kwako, nikalia.

"Wacha kulia," ukasema. "Msichana amebeba maji kichwani tangu utoto, leo maji yamtishe? Leta hicho kichwa hapa."

Maji yalikuwa ya kununua, kwa hiyo tulifanya mazoezi kwanza, kisha ukatia sabuni ukafua. Saa hatukuwa nayo. Uliniimbia ubeti wa wimbo wa kanisa, na sheria ilikuwa moja: sitoi kichwa kabla ubeti haujaisha. Lakini Senge, wewe na akina mama wenzako mlikuwa mnaburuta nyimbo, jamani! Neno moja lilizunguka hadi mtaa wa Sarang'ombe likarudi. Tena akipita mtu unakatiza, "Sasa Mama Ayub, watoto wako aje?" nami niko ndani ya karai, masikio yanavuma. Nikichomoka mapema unanifokea, "Rudi! Sijamaliza."

Siku ya mtihani nilizama, nikashika ngazi ya chuma, nikaanza kukusikia kichwani. Ukaimba weee. Ghafla mkono ukanikwida ukanivuta juu. Alikuwa mtahini, ameruka majini na suruali yake na tai yake.

"Wewe! Hukusikia filimbi?"

"Nilisikia, mwalimu. Lakini Senge alikuwa hajamaliza ubeti."

Nilipita! Jioni ulichinja jogoo, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume wa nyumba, ukaiweka kwenye sahani yangu mbele ya mumeo. Akakohoa. "Kohoa tu," ukamwambia. "Wewe umeshawahi kukaa chini ya maji?" Niliila yote, Senge, na sijawahi kula kitu kitamu hivyo. Kazi ile ndiyo imenilisha mpaka leo, na naipenda.

Tulipokuzika nyumbani, kwaya ya vijana iliimba wimbo wako mbiombio, utadhani wanawahi basi. Walipomaliza wakakaa. Mimi nikabaki nimesimama, naburuta mstari wa mwisho peke yangu, watu wote wamegeuka kunitazama. Nikasema moyoni, wacha wageuke. Ulikuwa hujamaliza.

Pumzika sasa, Senge. Huku tuko sawa, na nguo zimekauka.

Ni mimi,
Binti wa kaka yako, mla firigisi