Wajapani Wamefungua Nchi, Wewe Unasubiri Nini?

S.L.P. 214,
Katoro, Geita.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Selestine,

Marahaba. Naitikia mapema kabisa, maana najua hutaniamkia. Siku hizi shikamoo yako ni kidole gumba kwenye simu. Hujambo lakini? Mkeo, Mama Mio, hajambo? Mio mwenyewe lile jino la mbele limeota? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi, ambaye nina mgongo, vumbi la Katoro kifuani na Japani kichwani.

Nimekuandikia kwa karatasi ili usiweze kunijibu kwa kidole. Kaa chini usome.

Mama alipokwambia anataka kuwajua hao watu waliomchukua mwanae, mimi nilijua utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa Kisukuma. Wewe ukatuma boksi la vitabu vya historia na fasihi ya Kijapani, na kikaratasi juu: "Dada, anzia popote." Popote! Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, sijawahi kumwambia mtoto aanzie popote. Na kwa kuwa Mama hajui kusoma na ndugu yetu Januari yuko na ng'ombe kutwa, kazi ikawa yangu mimi mwenye miwani.

Tena vitabu vyenyewe! Vitatu Kiingereza, viwili Kijapani kitupu. Hivyo viwili nivifanyeje, nivichemshe? Nilivifunika vyote kaki, kama mwalimu yeyote, nikaandika majina mbele kwa kalamu ya wino mzito. Wiki nzima baadaye ndiyo nagundua kwamba vya Kijapani vinafunguliwa kutoka upande wa pili, kwa hiyo nimeandika matakoni. Ungenieleza hilo kwenye kikaratasi chako ungepungukiwa nini?

Basi kila Jumamosi ya pili napanda basi alfajiri, Katoro mpaka Kahama, Kahama mpaka Shinyanga, halafu bodaboda mpaka kwa Mama Kolandoto, na mfuko wa vitabu mapajani. Abiria wananiuliza kama nauza Biblia. Shemeji yako Herman, mwenye akili yote kwenye karasha lake la kusagia mawe, ameniuliza mara moja tu kama huko Japani kuna dhahabu. Nilipomwambia sijafika ukurasa huo, akarudi kulala.

Nilianza na tarehe, kama inavyotakiwa, nikakwama siku hiyo hiyo. Wenzetu wakipata mfalme mpya wanaanza kuhesabu miaka upya. Mwaka huu kwao ni mwaka wa saba! Nilichora jedwali kwenye manila, nikafuta, nikachora tena, nikataka kulia. Mama alikuwa barazani anachambua choroko, akauliza kigumu kiko wapi. Kwake yeye mimi nilizaliwa mwaka wa mvua kubwa na wewe mwaka wa vita ya Amini, na hajawahi kuhitaji tarehe nyingine. Mwanafunzi kaelewa kabla ya mwalimu. Nilikasirika mpaka chai ikanipalia.

Mashairi yao ndiyo yaliyonimaliza kabisa. Mistari mitatu, Selestine! Hakuna kina hata cha kuombea maji. Silabi kumi na saba, neno moja la majira ya mwaka, na mtu ameshaaga. Theluji, mwezi, kwaheri. Mama amezoea waimbaji wetu wa ngoma, wanaotambiana tangu asubuhi mpaka jua linazama, akauliza kama huyo mtunzi alikuwa mgonjwa. Lakini alinifanya nirudie shairi lile lile mara nne, na mara ya nne aliacha kuchambua.

Halafu tukafika pale walipofunga nchi. Nilimweleza kwamba kwa zaidi ya miaka mia mbili wageni karibu wote walizuiwa kuingia, na Mjapani aliyetoka hakuruhusiwa kurudi. Mama alishtuka, akaniuliza kama sasa wamefungua. Nikasema wamefungua tangu zamani, kabla hata babu hajazaliwa. Akasema, "Basi Selestine anasubiri nini?"

Jibu la hilo mimi nilitafute wapi? Kwenye kitabu kipi? Nilijifanya nafuta miwani.

Na sasa nifike kwenye kilichonipandisha hasira mpaka nikanunua stempu. Sura ya mwisho niliyosoma inaeleza kwamba mwezi wa nane Wajapani hufunga kazi, wanajazana kwenye treni, wanarudi kwao kuwapokea wazee wao waliokufa. Wanasafisha makaburi na kuwasha taa ili roho zisipotee njia. Nikakumbuka picha uliyotuma mwezi uliopita: wewe, umevua kofia, unamwagia maji kaburi la bibi yake mkeo. Umefanya vizuri. Mkwe anatakiwa hivyo, na sisi pia tunawaheshimu wafu wetu.

Lakini wewe kaburi la Baba hujawahi kuliona. Mwaka juzi ulisema Desemba. Mwaka jana ukasema Pasaka. Godoro alilokununulia Mama bado lina nailoni yake, na haruhusu mtu kulikalia. Kila mwaka unasafiri kwa treni muda wa saa tano kumsalimia bibi wa watu aliyekufa, na mama yako yuko hai, Selestine. Ana miaka themanini na nne, na anajifunza Japani yote, wafalme na mashairi, ili ajue tu ni kitu gani huko kimekushinda kuacha. Nimechoka kumtafutia.

Msalimie sana Mama Mio. Mwambie sina ugomvi naye, na kwamba kwao ni watu wanaojua kurudi nyumbani. Mbusu Mio. Januari anakusalimu, anasema fahali wako amezeeka. Herman naye anakusalimu, na swali lake la dhahabu liko pale pale. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na mkono ule ule ukusukume kidogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nikiwa nimekununia,

Paskalina

Nyongeza: Jumamosi iliyopita nikiwa nafunga vitabu, Mama alisema na yeye ana la kwake la mistari mitatu, niandike. Alilisema kwa Kisukuma, kwa hiyo silabi usizihesabu. Nilimuuliza neno la majira liko wapi, akasema utaliona mwenyewe.

Ng'ombe wamerudi.
Vumbi la kiangazi limetulia zizini.
Nahesabu tena.