Wimbo Yako Kati ya Bakiboko

Yaya Kavira, dada yangu mukubwa wa Butembo,

Ambia mama niko muzima. Vita ilifunga barabara, donc tulishuka muto Semuliki na radeau ya miti na mabidon tupu yenye kufungwa na kamba, batu sita na mifuko ya maharagi. Guide wetu, Papa Muhindo, kabla ya vita alikuwa anapeleka baturiste kuangalia banyama, na desturi ile haijamutoka: "Kushoto, famille ya kiboko, mama na mutoto. Kuume, basoda na bunduki. Bale hapana kubapiga picha." Sisi hata appareil ya picha hatuna!

Uliniambia: ukiogopa, imba. Nikaanza wimbo ya chorale yako ya kanisa. Mama kiboko akageuka, akakuja mbio. Papa Muhindo akanifunga kinywa na mukono, akasukuma radeau kwa nguvu yote. Yaya, ulikaribia kutuua!

Tulipofika inchi kavu, tukaimba wimbo yote pale ku matope, na guide pia, machozi inatoka. Unasemaka siku zote ninasahauka couplet ya tatu ya ule wimbo. Sikusahau ata neno moja. Kumbe ku chorale yako kulikuwa kunakosa tu kiboko.

Mungu akuchunge mpaka tuimbe pamoja.

Muloko yako, Masika