Pampu ya Bi Zuhura na Radhi Wanayoitaka Kwangu

Masuguru, Korogwe
Jumatano, baada ya adhuhuri

Dada Somoe,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu magoti yako, maana nimesikia mvua za Nachingwea zimeanza na najua zinavyoyatesa. Bibi anakula vizuri? Korosho mmemaliza kuokota? Mimi mwili mzima, chakula napata, na yale mafua yameisha. Moyo ndio si mzima. Nina hasira, dada, hadi kalamu inatoboa karatasi.

Najua umenipigia mara nne tangu juzi na sikupokea. Nisamehe kwa hilo. Nilijua Bi Zuhura ameshakupigia, na nilijua utakachosema: "Mdogo wangu, wewe ni mdogo, omba radhi yaishe." Mimi nikiisikia sauti yako siwezi kukataa, sijaweza tangu mama alipofariki. Ndiyo maana nimeandika. Soma hadi mwisho, halafu unune ukitaka.

Bi Zuhura ni yule mama anayenunua mahindi vijijini Handeni, mwenye Fuso la bluu. Ndiye aliyenitafutia chumba nilipokuja huku, na siku niliyougua malaria ndiye aliyeniletea uji na kuchukua namba yako. Dereva wake ni Mzee Ramadhani, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mimi, kama unavyojua, nipo kwa Mzee Mhina, fundi wa pampu za dizeli. Macho yanamwishia mzee wa watu. Ameshasema mbele ya wateja kwamba mwakani chumba cha pampu, pamoja na mashine ya kupimia, kitakuwa mikononi mwangu. Nimelingoja neno hilo miaka sita.

Sasa sikia. Pampu ya dizeli ina kipimo chake. Unaifunga kwenye mashine, unapima kila mdomo unatoa mafuta kiasi gani, yote ikilingana unakaza skrubu ya kiasi cha mafuta, kisha unapitisha waya mwembamba na kuubana kwa kipande cha madini ya risasi. Tunaita sili. Sili ikikutwa imekatika, kila mtu anajua kuna mkono umeingia.

Masika yalipokuwa yanaanza, Mzee Ramadhani alikuja gereji asubuhi. "Mgosi, gari halivuti," akasema, ndivyo wanaume huku wanavyoitana. "Nikipakia Misima, vilima napandia gia namba moja kama nasukuma kabati. Niongezee dizeli." Nikamweleza kwa adabu kwamba gari linavuta, ila magunia ni mengi mno. Akanitazama. "Mwanangu, unabishana na mimi?" Mzee Mhina akaniita pembeni akaniambia mteja akisema ongeza, ongeza. Basi nikakata sili, nikaongeza kidogo, nikaweka sili nyingine. Mzee Ramadhani akaondoka na moshi wake, amefurahi kama bwana harusi.

Siku ya nne akaja Bi Zuhura na mwavuli wake. "Mwanangu, gari linakunywa mafuta kama la serikali. Punguza. Na usimwambie shemeji, atanuna." Nikapunguza. Wiki haijaisha, Mzee Ramadhani huyo. "Nani kagusa pampu yangu? Ongeza. Na usimwambie shemeji, utaniletea maneno." Niambie dada, mimi ni fundi au ni kadhi wa ukoo wao? Wanakaa nyumba moja, ugali wanakula sinia moja, lakini habari ya gari lao wanazungumza kupitia bisibisi yangu.

Tumeishi hivyo miezi na miezi. Ongeza, punguza, ongeza. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, sitakuficha. Nilichoka kukata sili na kuweka sili, nikaacha kuiweka. Pampu ikawa wazi. Nilijiambia, ya nini kufunga kitu ambacho keshokutwa watanirudisha nikifungue.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Bi Zuhura. Nikapunguza, gari likaenda Misima kupakia mahindi. Mzigo ulipokaa juu, Mzee Ramadhani akaliona zito. Angerudi tungesema naye. Hakurudi. Aliinua kebini palepale kijijini, akachukua bisibisi, akaizungusha skrubu mwenyewe hadi ilipogoma. Wapakiaji walimwona. Wamenieleza kwa vinywa vyao, mmoja huku anacheka, kwamba gari lilitoa moshi mweusi mpaka kuku wakakimbilia ndani. Mzee wetu akapanda vilima na moshi ule, gia namba tatu, honi juu. Korogwe hakufika. Injini ilinoki, ikazimika njiani, na tulipoifungua tukakuta pistoni mbili zimeyeyuka vichwa kwa moto wa dizeli iliyozidi, tundu la kuingiza kidole gumba.

Unajua walichofanya? Watu hawa tangu masika hawajakubaliana neno hata moja kuhusu gari hilo. Siku hiyo walikaa dakika tano tu gereji kwetu wakakubaliana: fundi kaharibu pampu. "Mimi dereva, pampu siijui," alisema Mzee Ramadhani, na mkono kauweka kifuani. Mtu mzima, mvi kichwani, tunaswali safu moja. Nilimtazama machoni, akaanza kukung'uta vumbi kwenye kofia yake.

Bi Zuhura simlaumu sana. Nilimwona amekaa juu ya gunia, gari ndilo riziki yake yote, hata ushungi ulikuwa umemwanguka mabegani na hana habari. Lakini naye anajua alivyokuwa anakuja kwa siri, na hilo hakulisema.

Walipoondoka nilimpelekea Mzee Mhina ile pampu. Kwa vile haoni vizuri, aliipapasa. Akakigusa kile kichwa cha skrubu kilivyotafunwa na bisibisi isiyolingana, akakirudia tena. "Huu si mkono wako," akasema. Dada, nilifurahi, nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. "Lakini Ijumaa baada ya swala tutakaa kwa Bi Zuhura, na utaomba radhi kwamba uliiharibu."

Nikamuuliza, "Mzee, si umesema si mimi?"

"Nimesema. Lakini yule dereva akiitwa mwongo mbele ya shemeji yake, nyumba ile itavunjika. Wewe ni kijana, tena ni mgeni. Neno moja tu, Jumamosi unaingia kazini kama kawaida."

"Na chumba cha pampu?"

"Kipo palepale," akasema. "Ukiomba."

Neno moja tu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sasa nimeona mwenyeji anavyopona: anampa mgeni ugonjwa wake. Siku ya pilau mimi ni mwanangu, mwanangu. Siku ya lawama mimi ni mtu wa kuja. Kama wangeniambia nilipe kwa jasho, nikafunge injini hiyo bure mwezi mzima, ningefunga. Wanachotaka ni niseme uongo juu ya mkono wangu mwenyewe.

Na usidhani ni kiburi. Dereva hawezi kuchungulia ndani ya pampu akajua umemfanyia nini. Anakuamini tu, basi. Nikitamka Ijumaa kwamba nimeharibu, Jumamosi kila dereva kuanzia Handeni hadi Segera atakuwa na habari, na chumba hicho nitakabidhiwa hakina wa kubisha hodi. Mzee Mhina anajua hilo kuliko mimi. Amekaa na jina lake miaka arobaini halafu la kwangu analigawa kama sukari ya msiba. Huyu ndiye anayeniuma kuliko Mzee Ramadhani, maana huyu alishika akajua.

Nimejaribu kuyameza, dada. Jana nikiosha nozeli nilijifunza kuyatamka peke yangu, "Naomba radhi, niliharibu pampu." Sikuyamaliza. Nikaiacha kazi nikaenda kukaa nje.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Ijumaa nitakwenda, nimevaa kanzu ile uliyonishonea, nitawaamkia wote. Nitaomba radhi kwa yaliyo yangu: niliacha kuweka sili, na niliwabebea siri wao kwa wao wakati nilipaswa kuwakalisha pamoja niwaambie gari moja haliendeshwi kwa vipimo viwili. Hayo nitayaomba kwa moyo mmoja, hata magoti nitapiga. Kisha nitasema skrubu ile sikuizungusha mimi, na aliyeizungusha yupo hapa amekaa. Jina sitalitaja, wala halina haja. Mzee Mhina akitaka kusema alichokishika kwa vidole vyake, atasema. Akinyamaza, nitakuwa nimemjua.

Barua nampa mtu wa basi leo makusudi, kwa sababu haiwezi kukufikia kabla ya Jumapili. Sitaki unizuie.

Nisalimie bibi, mwambie ugoro wake nimeununua. Nisalimie shemeji, na asiuze baiskeli yangu. Wajomba zangu, wanao wote wawili, uwabusu, na yule mkubwa aache kutoroka madrasa. Mwalimu wake pia nisalimie, na jirani yetu mshona mikeka, kama mgongo wake umepoa.

Chumba changu kisafishwe. Mzee Mhina akinipokonya ufunguo wa gereji siku hiyo, Jumatatu nitakuwa njiani na begi moja na spana zangu. Najua utasema miaka sita imepotea, na najua utakuwa umekasirika. Kasirika, dada, una haki. Ila nikifika mlangoni, kabla hujanipa maji, kabla hujaniuliza nitakula nini mwakani, niambie kwanza kwamba umeniamini. Huku hakuna hata mmoja aliyeniambia.

Mdogo wako,
Hamisi