Bendera Iliyokosa Mwezi

Shikamoo mama,

Huku Ifakara mvua na jua vinapishana, na wali wa mama mdogo unanukia mpaka barabarani. Jana balozi wa Sahara Magharibi alikuja chuoni Kibaoni. Tanzania inaitambua nchi yake, lakini nchi nyingi bado zinakataa. Kazi ya kushona bendera yao alipewa mama mdogo, maana ndiye fundi, lakini nikaishona mimi.

Gari la balozi lilipokata kona, mama mdogo akaitazama bendera mlingotini, akashika kichwa. "We Sabina! Mwezi na nyota viko wapi? Umepandisha ya Palestina!"

Balozi aliposhuka, nilimwendea. "Shikamoo. Nimekosea mimi, si fundi."

Aliinua macho kwenye bendera, nikajua nafukuzwa. Kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Wapalestina nao ni ndugu zetu. Lakini nimesafiri mbali ili tujulikane sisi ni nani. Shona, nitasubiri."

Wakubwa wote wakasubiri juani. Yeye akanifuata mpaka kwenye cherehani, akanishikia kitambaa chekundu nikikata. Nyota ilitoka imepinda. Bendera ilipopanda tena, alisimama wima kuliko sisi wote.

Nimekukumbuka mama. Uniombee mkono utulie.

Mwanao,
Sabina